Malkia Aliyerudi Amenyooka

Kila siku saa kumi jioni, baada ya shule, Jovelyn alikuwa na kazi tatu za kufanya kabla hajaruhusiwa kugusa kadi. Alikung'uta mwavuli na kuuning'iniza kwenye msumari nje ya duka. Alipangusa viatu kwenye gunia. Kisha alinawa mikono na kuikausha mpaka katikati ya vidole, kwa kuwa Manang Sabel, mwenye duka, hakuwa na mzaha na mikono yenye maji.

"Kadi ni karatasi," alizoea kusema mama huyo. "Ikilowa ni uji, na mimi siuzi uji."

Ulikuwa mwezi wa Agosti, na mjini Baguio mwezi wa Agosti hakuna kitu kinachokauka. Ukungu ulishuka kutoka vilimani ukaingia majumbani bila hodi. Nguo zilikaa kambani siku nne. Viatu viliota kuvu kabatini. Na kadi za kung'aa, zile zenye ngozi nyembamba ya dhahabu upande wa mbele, zilijikunja pembe juu kama chipsi za ndizi.

Duka lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, jirani na fundi viatu. Watoto wa shule tatu walikutana hapo kucheza Enzi ya Mazimwi. Kila mchezaji alikuwa na fungu lake la kadi: askari, wachawi, mazimwi na wafalme. Walizitoa mezani kwa zamu, na ambaye ngome yake ilianguka kwanza alikuwa ameliwa. Mashindano yalichezwa na timu za watu watatu. Timu ya Jovelyn, ambaye wote walimwita Jovy, ilikuwa na Junel, jirani yake aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na Aldrin, aliyejua kila kitu, hata mambo ambayo hayakuwepo.

Kwenye kona ya duka palikuwa na meza ndogo yenye taa kali. Manang Sabel alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na miwili kabla ya kufungua duka, na mtoto yeyote aliyepata kadi mpya yenye nguvu aliipeleka kwake, kwenye meza ya taa, ipimwe. Mwezi wa Julai Jovy alikuwa amempeleka Malkia wa Ukungu.

"Haya, ading," Manang Sabel alisema. Ndivyo alivyowaita wote waliokuwa wadogo kwake, nao walimwita Manang, yaani dada mkubwa. "Anakupa nini?"

"Tisa, Manang! Ana nguvu tisa! Halafu akiingia tu, askari wote wa adui wanarudi mkononi!"

"Tisa nimeiona, imeandikwa kubwa kuliko kichwa changu. Anadai nini?"

Jovy alijikuna shingo. "Kitu kidogo tu."

"Soma mstari wa chini."

Ilibidi ainamishe kichwa mpaka pua iguse kifuko cha plastiki cha kadi. "Kila zamu, mtoe mwenzako mmoja. Ukikosa wa kumtoa, Malkia anaondoka."

"Kumbe. Ukiwa na wenzako wanne, Malkia atakutumikia zamu nne, kisha utabaki mezani peke yako. Ni kadi kali, sikatai. Lakini mimi ningemwogopa." Manang Sabel akashika kioo chake cha kukuzia, akamgeuza Malkia mbele na nyuma. "Amechapwa vizuri. Ila hapa kwenye taji, upande wa kushoto, pana kidoa cheupe. Siku alipochapwa, chembe ya vumbi ilikaa kwenye mashine. Ni alama yake hii, si rahisi uione kwa mwingine. Unasikia?"

Jovy aliitikia "Ndiyo, Manang" huku akiwa ameshageukia meza ya pili, akiwaonyesha wenzake ile tisa. Nani angesikiliza habari za vumbi siku kama hiyo?

Malkia huyo hakuwa kadi tu. Baba yake Jovy alikuwa baharia. Siku aliyoondoka kwenda melini kwa miezi kumi, walikaa wawili kwenye benchi la kituo cha basi, wakafungua pakiti moja ya kadi kwa pamoja, na Malkia akatoka wa mwisho. "Mtunze mpaka nirudi," baba alisema. Tangu hapo kila alipoandika ujumbe alimaliza kwa swali lilelile: Malkia hajambo?

Siku ya Ijumaa, wiki moja kabla ya mashindano, Junel alimwomba Malkia.

"Mpaka Jumatatu tu. Nataka nimpangie askari wa kumtosha. Wewe hesabu za zamu zinakushinda, usibishe."

Hilo lilikuwa kweli. Junel ndiye aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Lakini Jovy alishika ile kadi kwa mikono miwili kama anayeombwa jino.

"Usimtoe kwenye kifuko chake. Umweke kwenye kopo la biskuti, ufunge. Usimpeleke popote."

"Kopo la biskuti, nafunga, simpeleki popote. Haki ya Mungu."

"Akipotea sijui nitamwambia nini Baba."

"Jovy! Ni mimi, si jambazi."

Akampa. Malkia alikuwa amejikunja pembe zote nne, na kifuko chake cha plastiki kilikuwa na mpasuko mdogo upande mmoja. Jovy alimtazama Junel akitokomea kwenye mvua na begi lake, akajisikia vibaya bila sababu.

Jumatatu asubuhi Junel alimrudisha darasani, kabla ya kengele, haraka haraka, bila kuketi.

"Chukua. Ahsante."

Jovy alimweka Malkia juu ya dawati. Malkia alikuwa amenyooka. Alilala juu ya mbao kama rula. Hakuna pembe hata moja iliyoinuka. Kifuko nacho hakikuwa na mpasuko. Kilikuwa kipya kabisa.

"Umemfanya nini?" aliuliza.

"Sijamfanya kitu."

"Mbona amenyooka? Na kifuko kile kiko wapi?"

"Kilichanika zaidi, nikabadilisha. Kwani ubaya uko wapi? Si afadhali kanyooka?" Junel alikuwa akizungumza na ukuta. Hakumwangalia Jovy hata mara moja. Mwalimu akaingia, na maneno yakaishia hapo.

Wakati wa mapumziko Jovy alimtoa Malkia kwenye kifuko, akamnusa. Palikuwa na harufu. Si harufu ya karatasi wala ya plastiki. Ilikuwa harufu kavu, kali kidogo, kama ya dawa.

Aldrin alimkuta hapo, na Aldrin hakuwa mtu wa kupita kimya.

"Lete nione." Aliichukua, akaipinda, akaiweka chini, akaipuliza. "Ai. Ai, Jovy. Pole."

"Pole ya nini?"

"Kadi ya kweli ya kung'aa hujikunja msimu wa mvua, si ndiyo? Feki haijikunji hata uichemshe. Binamu yangu wa Manila aliuziwa feki, ilikuwa imenyooka hivihivi. Na ilinuka gundi."

"Hii hainuki gundi."

"Inanuka nini?"

"Sijui."

"Unaona sasa!" alisema Aldrin, kana kwamba jambo limekwisha.

Jovy hakutaka kuamini. Lakini shaka ikishaingia kichwani haikai kona moja. Ilianza kumwonyesha vitu. Jumanne Junel alikuja shuleni na mabuti mapya ya mvua, ya manjano, yanayong'aa. Nyumbani kwa Junel waliishi yeye na bibi yake, Lola Ising, aliyeuza wali asubuhi kwa wafanyakazi wa ujenzi, na tangu lini wakanunua mabuti kama yale?

"Umepata wapi?" Jovy alimuuliza mlangoni.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na shangazi. Kwani wewe ni polisi?"

Jumatano Junel hakufika dukani kufanya mazoezi. Alhamisi alifika, akakaa meza ya mbali, na kila Jovy alipoinua macho alimkuta amemtazama, kisha Junel akayakwepesha. Jovy alijiambia kuwa mtu asiye na kosa hakwepeshi macho. Hakufikiri kwamba yeye mwenyewe, siku tatu nzima, alikuwa amemkodolea mwenzake macho ambayo hata mbwa angeyakwepa.

Jioni hiyo alimsaidia mama yake kukunja mitumba kwenye kibanda chao sokoni. Simu ya mama ililia. Ulikuwa ujumbe wa baba: melini wako salama, kuna joto, Malkia hajambo?

Jovy aliitazama simu, asijue aandike nini. Machozi yakamlengalenga.

"Vipi wewe?" mama aliuliza.

Akamweleza yote: pembe, kifuko, harufu, mabuti.

"Umemuuliza Junel?"

"Nimemuuliza, Mama. Anasema hajamfanya kitu."

"Ulimuuliza na uso huo?"

"Uso gani?"

"Huo wa askari jela. Hata mimi ungeniuliza nao ningesema sijui. Mfuate nyumbani kwake, mkae, umuulize vizuri."

"Ataniongopea tena."

"Basi hujaenda kuuliza. Umeshahukumu." Mama alikunja sweta nyingine. "Nishikie mkono huu."

Lakini Jovy alikuwa ameshakata shauri.

Dukani kwa Manang Sabel kulikuwa na sheria. Zamani watoto waliitana wezi kila siku, mpaka mama huyo akachoka, akatundika ubao mweusi karibu na mlango. Mwenye kudai kwamba kadi yake imebadilishwa alitakiwa aseme siku ya Ijumaa, mbele ya wote, kwenye meza ya taa. Akiwa na haki, jina la aliyebadilisha liliandikwa ubaoni, naye hakucheza mwezi mzima. Asipokuwa na haki, jina lililoandikwa lilikuwa lake mwenyewe, kwa mwezi uleule. Tangu ubao utundikwe, midomo ilipungua sana. Mwaka ule hakuna aliyewahi kuthubutu.

Ijumaa duka lilikuwa limejaa, kwa kuwa kesho yake ndiyo mashindano. Jovy alinawa mikono, akaikausha, akaenda moja kwa moja kwenye kona akamweka Malkia chini ya taa.

"Manang, nina dai."

Aldrin, aliyekuwa nyuma yake, alirudi hatua mbili.

"Dai juu ya nani?" aliuliza Manang Sabel.

"Juu ya Junel. Nilimpa kadi yangu Ijumaa iliyopita. Hii aliyonirudishia si yangu."

Junel alisimama pale alipokuwa. Uso ulimsawijika.

"Sheria unaijua, ading?"

"Naijua."

"Hutaki mkazungumze nje kwanza, nyinyi wawili? Ngazi zile pale. Nitawasubiri."

"Hapana, Manang. Nimeshamuuliza."

Manang Sabel akavuta kiti, akaivaa miwani, akashika kile kioo cha kukuzia. Watoto walizunguka meza, wengine wakapanda juu ya viti.

"Sababu zako?"

"Yangu ilikuwa imejikunja, hii imenyooka. Yangu ilikuwa kwenye kifuko kilichopasuka, hiki kipya. Na hii ina harufu ya dawa."

"Na ana mabuti mapya," Aldrin alichomekea kutoka nyuma.

"Mabuti hayapimwi kwenye meza hii," alisema Manang Sabel.

Aliiinua kadi, akaielekeza kwenye taa, akatazama mwanga unavyopenya. Aliigeuza ubavu, akatazama mstari mweusi mwembamba ambao kadi halisi huwa nao katikati ya karatasi mbili. Kisha mama huyo akaisogeza kadi puani, akanusa. Akanusa tena. Na midomo ikaanza kumcheza.

"Hii siyo dawa," alisema. "Hii ni adobo."

Watoto wakaangua kicheko.

"Msicheke. Nusa wewe. Ni yale majani makavu tunayotia kwenye mchuzi wa adobo, laurel, siyo? Nani anaweka kadi na majani ya adobo?" Alimtazama Junel juu ya miwani. Junel alitazama chini. "Tutarudi huko. Jovy, njoo hapa. Mwezi wa Julai nilikuonyesha kitu kwenye kadi yako. Ni nini?"

Jovy alitafuta kichwani. Alikumbuka tisa. Alikumbuka kelele, na wenzake wakimwonea wivu. "Sikumbuki, Manang."

"Tazama taji. Upande wa kushoto."

Jovy aliweka jicho kwenye kioo. Taji la Malkia lilijaa nukta nyekundu, manjano na bluu, elfu na elfu. Na katikati yake, upande wa kushoto, palikuwa na kidoa kimoja cheupe, kidogo kama chembe ya chumvi.

Sasa alikumbuka. Vumbi. Siku ile alikuwa ameambiwa, naye hakusikiliza.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu. Dai ulilisema kwa nguvu."

"Ni Malkia wangu. Ni yuleyule."

Minong'ono ikatembea duka zima. Jovy alitamani sakafu ipasuke. Hakuweza kumtazama Junel, na alijua kwamba yeye ndiye sasa aliyekuwa anakwepesha macho.

"Junel," alisema Manang Sabel. "Sasa na wewe zungumza. Majani ya adobo yameingiaje hapa?"

"Ijumaa ile mvua ilinikuta njiani. Kopo la biskuti halikuwa kwenye begi, nilikuwa nimelisahau nyumbani. Nikamweka kwenye mfuko wa shati. Nilipofika nilikuwa nimelowa chapachapa, viatu vimeharibika kabisa. Nikavua nguo, nikalala, nikamsahau. Asubuhi shati limo kwenye beseni la kufulia na kadi haimo. Nilimtafuta Jumamosi nzima. Nilirudia njia yote mpaka shuleni. Nililia, basi. Lola alikuwa ameenda kwa shangazi huko Trinidad, mji wa jirani, akarudi Jumapili na yale mabuti. Akaingiza mkono kwenye ndoo ya mchele apike, akaniambia, 'Huyu mwanamke wako yuko humu.'"

"Kwenye mchele?" mtoto mmoja aliropoka.

"Lola huweka mchele kwenye ndoo, na yale majani ndani yake, wadudu wasiingie. Kitu chochote kikilowa anakifukia humo. Aliwahi kufukia simu ya mjomba, na saa. Alimwona mfukoni kabla ya kufua, akamfukia. Siku mbili. Ndiyo maana amenyooka. Kifuko kilikuwa na maji, Lola akakitupa, mimi nikanunua kingine."

"Mbona hukusema?" Jovy alilia. "Nilikuuliza!"

"Niliapa, Jovy! Niliapa simpeleki popote, halafu nikamtia mfukoni kama tiketi ya basi. Nikaona akiwa mzima, ya nini kusema? Halafu ukaanza kuniangalia vile, nikaogopa. Ningesema yuko kwenye mchele ungeniamini?"

Jovy alijua kwamba jibu lilikuwa hapana.

Manang Sabel alichukua chaki kwenye kisanduku, akaiweka mezani. Hakumwamuru mtu. Jovy aliichukua mwenyewe. Kutoka kwenye kona mpaka mlangoni zilikuwa hatua tisa, naye alikuwa hajawahi kutembea mbali hivyo. Aliandika jina lake lote, Jovelyn Baldemor, kwa herufi ambazo kila mtu angeweza kuzisoma. Kisha akageuka.

"Junel, nimekuita mwizi mbele za watu na wewe si mwizi. Nisamehe."

Junel alijipangusa pua kwa mkono wa sweta. Alitembea mpaka ubaoni na mabuti yake ya manjano yakilia kwi, kwi, akachukua ile chaki, na chini ya jina la Jovy akaandika la kwake.

"Wewe hukufanya kosa la ubao," alisema Manang Sabel.

"Niliongopa, Manang. Nilisema sijamfanya kitu. Ningesema kweli Jumatatu, leo tusingekuwa hapa."

Aldrin akainua mkono.

"Samahani, na mimi kesho nicheze na nani? Na kivuli changu?"

Watoto wote wakamgeukia. Aldrin akaanza kuzitazama kucha zake.

"Mimi sikumshtaki mtu," alisema.

"Hukushtaki," alikubali Manang Sabel. "Uliwasha kiberiti tu ukakaa pembeni kuota moto. Kitambaa cha meza kile pale, baba. Kesho meza zote ni zako."

Jumamosi mvua ilipungua. Timu kumi na moja zilicheza, na ya kwao haikuwemo. Jovy na Junel walikaa nyuma karibu na beseni la kunawia, wakikata karatasi za kuandikia matokeo. Iliuma. Kila kelele ilipopigwa, Jovy alijua kwamba nafasi yao ingeweza kuwa ile. Lakini Junel alikuwa hapo, akimsogezea karatasi, na kila timu ilipokosea alimnong'oneza hesabu sahihi. Aldrin alipita na kitambaa mara sita, kila mara akihema kwa sauti ili asikike.

Mchana Manang Sabel alikuja na bakuli la wali na samaki, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati yao.

"Mnaniona mkali?"

"Hapana, Manang," walisema pamoja, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na wao walikuwa na njaa.

"Sikilizeni. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nakagua karatasi kabla hazijatoka kiwandani. Makosa makubwa hayakunisumbua hata siku moja, kila mtu anayaona. Kazi ilikuwa kwenye vitu vidogo. Jovy, Malkia alipokuja hapa ulisoma ile tisa ukaacha mstari wa chini. Wiki hii ukasoma pembe zilizonyooka, ukasoma mabuti, ukaacha jambo dogo, kwamba huyu mmekaa dawati moja miaka sita na hajawahi kukuibia hata kifutio. Hilo ungelianza nalo, ungemuuliza vizuri. Kabla hujamleta mtu kwenye taa, mkae kwanza ngazini, umuulize ukiwa tayari kusikia jibu."

Jovy aliinamisha kichwa.

"Na wewe Junel usicheke. Kadi haikudhurika, kilichodhurika ni jina lako, na ulilidhuru kwa mdomo uliofungwa. Mtu akikuaminia kitu chake, ukakosea, mwambie siku hiyohiyo. Ukisema mapema ni ajali. Ukinyamaza inaanza kufanana na wizi. Kuleni, wali unapoa."

Alipoondoka, Jovy aliazima simu ya Junel akamwandikia baba yake. Aliandika kwamba Malkia hajambo, kwamba alikwenda kutembea kwenye ndoo ya mchele, kwamba yeye mwenyewe amefanya kosa na atamweleza lote siku atakapopiga. Kisha akamtoa Malkia kwenye begi, akamweka juu ya magoti.

Junel aliinama akamtazama. Ukungu ulikuwa umeshaingia dukani tena, na pembe moja ya Malkia ilikuwa imeanza kupanda.

"Anarudia," alisema Junel, akarudisha mikono mfukoni, maana hakutaka kuonekana anaomba.

Jovy alitoa kwenye begi lake kopo la biskuti alilokuja nalo safari hii, akamweka Malkia humo, akalifunga, akakikandamiza kifuniko kwa kiganja.

"Mpelekee Lola," alisema, akampa.